Khan, Peterson na kipimo kilichokosekana Washington

Usiku wa Desemba 10, 2011, jijini Washington, bondia Mwingereza Amir Khan alipoteza mikanda miwili ya uzani wa pauni 140, ule wa IBF na ule wa WBA, mashirika mawili yanayotoa ubingwa wa ngumi, mbele ya Lamont Peterson, mtoto wa jiji hilohilo. Majaji wawili walimpa Peterson ushindi wa 113-112, wa tatu akampa Khan 115-110. Refa Joe Cooper alikuwa amemkata Khan pointi mbili kwa kosa la kusukuma, ya kwanza raundi ya 7 na ya pili raundi ya 12. Piga hesabu mwenyewe: ingerudi hata pointi moja tu, kadi mbili zingekuwa sare, na pambano likiisha sare bingwa anabaki na mkanda wake.

Ndiyo maana kelele zilikuwa nyingi. Kambi ya Khan ililalamikia refa, ikalalamikia kadi, kisha ikaja na hadithi ya mtu mwenye kofia aliyeonekana pembeni ya ulingo akiwasogelea maofisa wa WBA huku ngumi zikiendelea. Mtu wa kofia akawa gumzo kwa wiki kadhaa. Picha za video zilisimamishwa, zikakuzwa, zikachambuliwa na watu ambao maisha yao yote hawajawahi kujaza kadi ya jaji. Mwisho wa yote WBA ikaagiza marudiano, na tarehe ikapangwa: Mei 19, 2012, Mandalay Bay, Las Vegas.

Katika malumbano yote hayo hakuna aliyeuliza mwilini mwa mshindi kulikuwa na nini. Wala hapakuwa na sababu ya kuuliza. Peterson hakuwa mtu wa kushukiwa. Yeye na mdogo wake Anthony waliwahi kulala mitaani wakiwa watoto, mpaka kocha Barry Hunter alipowachukua na kuwalea ndani ya ngumi. Kila mpenzi wa mchezo huu aliyeijua habari hiyo alimtakia mema. Hata mimi, niliyekuwa naona Khan alionewa kwenye zile pointi mbili, sikumwonea Peterson kinyongo.

Swali la mwilini lilikuja kwa njia ya mkataba. Katika kupanga marudiano, kambi mbili ziliafikiana kwamba mabondia wote wapimwe dawa zilizokatazwa na VADA, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2011 na Dk. Margaret Goodman, daktari wa mishipa ya fahamu aliyehudumu miaka mingi pembeni ya ulingo huko Nevada. VADA haina mamlaka ya serikali. Inampima aliyekubali kupimwa, basi. Machi 19, 2012 sampuli ya mkojo ya Peterson ilichukuliwa Los Angeles. Majibu ya sampuli A yalionyesha testosteroni isiyotengenezwa na mwili wake. Sampuli B ikafunguliwa, ikasema yaleyale. Habari ilipotoka hadharani mapema Mei, zilikuwa zimebaki siku kama kumi tu. Marudiano yakafutwa.

Kambi ya Peterson haikukana. Ilieleza kwamba mnamo Novemba 2011 daktari mmoja alimwona ana kiwango cha chini cha testosteroni, akampandikizia chini ya ngozi vidonge vidogo vya homoni hiyo, vya asili ya soya, ambavyo huyeyuka polepole kwa miezi. Bondia alisema hakujua kwamba vimepigwa marufuku. Hakuomba ruhusa ya matibabu popote, wala hakuitaja tiba hiyo kwa kamisheni, chombo cha jimbo kinachosimamia ngumi na kutoa leseni. Alikuwa na miaka 27.

Sasa rudisha kalenda nyuma. Vidonge vilipandikizwa Novemba. Pambano la kwanza lilipigwa Desemba 10. Kwa maelezo ya kambi yake yenyewe, Peterson aliingia ulingoni Washington na dawa ileile ikiwa mwilini, na usiku ule hakuna kipimo kilichoonyesha lolote. Bondia ni huyohuyo, mpinzani ni yuleyule, dawa ni ileile. Kilichobadilika kati ya Desemba na Machi ni aina ya kipimo, na kipimo hicho kilikuja kwa hiari ya watu wawili waliokuwa na pambano kubwa la kuuza. Ushindi wa Desemba uko kwenye rekodi mpaka leo.

Ndani ya kichupa

Inafaa kukaa kidogo hapa, kwa sababu mjadala wa nani alipie vipimo, nitakaoufikia mbele, hauna maana kwa asiyejua kinachonunuliwa.

Mpimaji anafika bila taarifa. Bondia anakojoa mbele yake, mlango wazi, shati limepandishwa, ili asipate nafasi ya kuchezea chupa. Mkojo unagawanywa kwenye vichupa viwili, A na B, vinafungwa kwa kifuniko kisichofunguka bila kuvunjwa, vinabandikwa namba. Maabara inapokea namba, haipokei jina. Inachunguza A. Ikikuta kitu, bondia ana haki ya kutaka B ifunguliwe, yeye au mwakilishi wake akiwapo.

Kwa testosteroni kuna kigingi cha pekee, nacho ni kwamba kila mtu anayo. Huwezi kumhukumu mtu kwa kuikuta tu. Njia ya kawaida ni kulinganisha testosteroni na dada yake, epitestosteroni, ambayo mwili pia unaitengeneza lakini haina kazi kubwa. Kwa watu wengi uwiano huo unazunguka 1:1. Atakayejidunga testosteroni upande mmoja unapanda, mwingine unabaki chini. WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, lilikuwa limeweka mstari wa kushuku kwenye 4:1. Nevada, jimbo lenye ngumi nyingi kubwa kuliko lingine lolote, wakati huo lilikuwa bado linatumia 6:1.

Uwiano wa Peterson ulikuwa chini ya 4:1. Ukimpima kwa mstari wa Nevada, anapita bila wasiwasi. Ukimpima kwa mstari wa WADA peke yake, anapita pia.

Kilichomkamata ni kipimo cha pili, cha isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana uzito. Testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, na kaboni ya mimea hiyo ina kiasi kidogo cha kaboni-13 kuliko ile inayotokana na mchanganyiko wa vyakula anavyokula binadamu. Mashine inasoma tofauti hiyo. Haiulizi ipo kiasi gani. Inauliza imetoka wapi. Hapo hakuna cha uwiano wala cha mstari, na mtu aliyejidunga kiasi kidogo kwa hesabu nzuri anaonekana sawa na aliyejidunga kwa pupa.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki ni cha polepole, kinahitaji mashine na mafundi wa pekee, na kinagharimu zaidi ya uchunguzi wa kawaida. Kwa hiyo desturi ya maabara nyingi ilikuwa kukitumia pale tu uwiano ulipotia shaka. VADA ilikitumia bila kusubiri shaka. Tofauti kati ya Peterson bingwa na Peterson aliyefutiwa pambano ni uamuzi huo mmoja wa kulipia kipimo cha ziada. Habari ya homoni ya ukuaji na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, ni hiyohiyo, kwani nazo zinataka vipimo vyake maalumu. Mwaka 2019 Jarrell Miller alipokuwa akijiandaa kupigana na Anthony Joshua Juni 1 huko Madison Square Garden, VADA ilimkuta na vitu vitatu, GW1516 (dawa ya kuongeza stamina), homoni ya ukuaji na EPO, katika sampuli mbalimbali. Nafasi yake ikachukuliwa na Andy Ruiz Jr., na wengi wanakumbuka yaliyomkuta Joshua raundi ya 7. Kipimo cha bei nafuu cha usiku wa pambano kisingeona orodha kama ile.

Mashirika mawili, hukumu mbili

Baada ya pambano kufutwa, mashirika yenye mikanda yalipaswa kuamua. IBF ilitazama maelezo ya kitabibu, ikaona homoni ile ilitolewa kama tiba, ikamwachia Peterson mkanda wake. WBA ikamvua, ikamrudishia Khan. Ushahidi mmoja, majibu mawili yanayopingana, na yote yana nguvu kwa sababu kila shirika ni serikali yake.

Khan alipata ubingwa mezani Julai, na Julai 14 akaupoteza ulingoni kwa Danny Garcia, raundi ya 4. Peterson alikaa nje zaidi ya mwaka, akarudi Februari 2013 akamsimamisha Kendall Holt raundi ya 8, mkanda wa IBF ukiwa bado wake.

Jambo moja katika uendeshaji linanikera zaidi ya hukumu zenyewe. Kambi ya Peterson ilijua majibu ya sampuli A tangu Aprili. Kamisheni ya Nevada, yenye jukumu la kutoa leseni, haikujua mpaka Mei. Katikati hapo tiketi ziliendelea kuuzwa, watu wakalipia ndege na hoteli, na Khan akaendelea kupigana mazoezini akijiandaa kwa mtu ambaye hatakuja. Kanuni ya siri mpaka B ithibitishe ina mantiki yake. Inamlinda asiye na hatia. Ila kuificha hata kwa mtoa leseni ni kitu kingine, na leo utaratibu wa VADA ni kuwaarifu wahusika wa pambano na kamisheni mapema zaidi. Walau hapo kisa hiki kilizaa matunda.

Oktoba ya mwaka uleule

Anayedhani kasoro ya kisa cha Khan na Peterson ilikuwa mkono mkali wa VADA, atazame kilichotokea miezi mitano baadaye. Danny Garcia huyohuyo, uzani huohuo wa pauni 140, alipangiwa marudiano na Erik Morales Oktoba 20, 2012, ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn. Wapimaji safari hii walikuwa USADA, wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni, na nao waliingia kwa mkataba wa pambano. Morales alikutwa na klenbuteroli, dawa inayopunguza mafuta na kusaidia misuli. Habari ilivuja siku mbili kabla ya pambano. Kamisheni ya New York iliruhusu pambano liendelee, na likapigwa. Garcia akamwangusha Morales raundi ya 4. Baadaye USADA ikamfungia Morales miaka miwili.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja, uzani mmoja, aliyekutwa na testosteroni alifutiwa pambano siku kumi kabla, na aliyekutwa na klenbuteroli alivikwa glavu. Tuseme klenbuteroli ya Morales ilitoka kwenye nyama, kama wapiganaji kadhaa kutoka Meksiko walivyojitetea kwa miaka. Ni utetezi ambao si wa kuchekwa, kwa sababu wafugaji wa huko wamewahi kuitumia kunenepesha mifugo. Bado Garcia hakupaswa kuingia ulingoni jibu likiwa halijapatikana. Anayepigwa ngumi ya kichwa ni yeye.

Hapa ndipo ninapoona mzizi. Promota akiagiza kipimo na kukilipia, anaagiza kitu ambacho kikifanya kazi yake sawasawa kitamtia hasara. Ukumbi umelipiwa, televisheni imesaini, mabango yamebandikwa. Sisemi kila promota ni mlaghai. Golden Boy, kampuni iliyokuwa nyuma ya Khan, ilikuwa na kila sababu ya kutamani Mei 19 ifike salama, na hata hivyo pambano lilifutwa. Lakini kumwachia mwenye tiketi uamuzi wa kama kutakuwa na kipimo, nani apime na kwa wiki ngapi, ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Akiona mpimaji fulani ni mkali, mkataba unaofuata anamwita mwingine. Akiona hakuna anayedai, hamwiti yeyote.

Wasiopimwa

Mpaka hapa tumezungumzia mabingwa. Sasa shuka chini kwenye ratiba ya usiku uleule, kwenye mapambano ya utangulizi ambayo viti bado vitupu na mtangazaji anayakosea majina. Bondia wa raundi 4 analipwa dola mia chache kwa raundi. Akitoa fungu la kocha, la meneja, nauli na vipimo vya afya vya kupatia leseni, anabaki na hela ya wiki mbili. Hakuna mtu anayefunga safari kwenda kumgongea mlango saa kumi na mbili asubuhi achukue mkojo wake. Akibahatika, kamisheni itamwita baada ya pambano akojoe kwenye kichupa, na kichupa hicho kitapimwa kwa orodha ya msingi.

Mpinzani wake akiwa ametumia dawa wiki kumi za mazoezi kisha akaacha siku za mwisho, kichupa hicho hakina habari. Faida ya dawa hizi iko kambini: mtu anafanya mazoezi magumu zaidi, anapona haraka, anarudia kesho. Siku ya pambano anakuja msafi na misuli ambayo hakuistahili. Kumpima usiku wa pambano peke yake ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka.

Na kuna upande wa pili ambao watetezi wa vipimo wanausahau. Bondia maskini anayekutwa na kitu kwa bahati mbaya, kwenye unga wa protini uliochafuka kiwandani au kwenye dawa ya mafua, hana fedha ya kugharamia sampuli B, wala ya kupeleka unga ule maabara, wala ya wakili. Peterson aliweza kuwasilisha barua za madaktari na kuirudisha IBF upande wake. Bondia Ryan Garcia, aliyekutwa na ostarini, dawa ya kujenga misuli, katika sampuli za Aprili 19 na 20, 2024 kwenye pambano lake na Devin Haney, alikuwa na mawakili wa kujenga hoja ya virutubisho vilivyochafuka na kufikia makubaliano na kamisheni ya New York: kifungo cha mwaka mmoja, faini ya dola 10,000, kurudisha malipo yake ya dola milioni 1.1, na matokeo kufutwa. Ni adhabu nzito, lakini alikuwa na meza ya kukaa. Kijana wa raundi 4 anapokea barua, anatia saini, jina linachafuka, mchezo umekwisha. Kipimo cha haki ni pamoja na njia ya kujitetea inayolipiwa na mfuko uleule uliolipia kipimo.

Fedha itoke wapi

Hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba ngumi haina fedha ya kupima kila mtu. Haina fedha mahali pamoja, hilo ndilo kweli. UFC, kampuni ya mapambano ya mchanganyiko, ilipoanza kupima wapiganaji wake kupitia USADA Julai 2015, iliweza kwa sababu ni mwajiri mmoja anayeshika mapato yote; alitoa amri, akalipa. Ngumi ina mapromota wengi, mashirika manne makubwa ya mikanda, na Marekani peke yake kila jimbo lina kamisheni yake. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye wa kulipa.

Lakini tazama fedha inavyopita. Mei 2, 2015 Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walipopigana Las Vegas, tiketi za mlangoni peke yake ziliingiza dola milioni 72, na mauzo ya kutazama nyumbani Marekani yakafika milioni 4.6, thamani yake ikizidi dola milioni 400. Asilimia 1 ya mlango ni dola 720,000. Asilimia 1 ya mauzo ya nyumbani ni zaidi ya dola milioni 4. Usiku kama ule haurudi kila mwaka, najua, na pambano lenyewe lilichelewa miaka mitano kwa sababu, miongoni mwa mengine, mazungumzo ya 2010 yalikwama kwenye swali la kupima damu. Lakini mapambano ya ngazi ya chini yake ni mengi, na asilimia ni asilimia.

Tena desturi ya kukata ipo tayari. Bondia anayegombea mkanda hulipa shirika la mkanda ada inayofika asilimia 3 ya malipo yake. Mwaka 2015 Nevada ilipandisha makato ya serikali kwenye mapato ya mlangoni kutoka asilimia 6 hadi 8, sehemu yake ikibaki kwa kamisheni kwa kazi kama hizi za kupima. Sijasikia promota aliyehama Las Vegas kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kama ningeulizwa baada ya kisa cha 2012, ningesema hivi. Kila pambano linaloonyeshwa kwa malipo likatwe asilimia ndogo, ya mlangoni na ya matangazo, iingie kwenye mfuko usioguswa na promota wala shirika la mkanda. Mfuko upime leseni, usipime mapambano: ukiwa na leseni ya kupigana uko kwenye orodha, uwe bingwa au raundi 4, na jina lako linaweza kuchomoka mwezi usio na pambano. Si lazima kila mtu apimwe mara nyingi. Inatosha asijue lini. Uchunguzi wa isotopu ufanywe kwa fungu la sampuli zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, hata kama uwiano uko sawa, maana tumeona uwiano wa Peterson ulivyokuwa sawa. Na majibu yaende siku moja kwa bondia, kwa mpinzani na kwa mtoa leseni.

WBC, mojawapo ya mashirika manne ya mikanda, ilijaribu kitu cha karibu na hiki ilipoanzisha mpango wake wa ngumi safi mwaka 2016 pamoja na VADA. Mabingwa na mabondia 15 wa juu wa kila uzani hujiandikisha, na anayekataa huondolewa kwenye orodha. Ni hatua kubwa kuliko walivyofanya wengine, na sioni haya kuwasifu. Ila unamgusa aliye juu tayari. Aliyepandia dawa mpaka nafasi ya 15 anaanza kupimwa akiwa ameshafika. Na kwa kuwa mfuko wake ni wa michango, kuwa kwenye orodha si sawa na kupimwa.

Uingereza wana njia tofauti. Huko UKAD, wakala wa kupambana na dawa michezoni unaoendeshwa kwa fedha za umma, una mamlaka ya kumpima bondia yeyote mwenye leseni bila kusubiri mkataba. Nani alikutwa kwa njia hiyo? Amir Khan. Sampuli yake ya baada ya pambano na Kell Brook, Manchester, Februari 19, 2022, ilikutwa na ostarini. Jopo lilikubali kwamba hakukusudia, likamfungia miaka miwili hata hivyo, na uamuzi ukatangazwa Aprili 2023, yeye akiwa ameshatangaza kustaafu. Mtu aliyedhulumiwa mwaka 2011 na kipimo kilichokosekana alikuja kukamatwa na kipimo ambacho hakuna promota aliyekiagiza. Ningependa kusema hapo mfumo umekamilika, lakini zaidi ya mwaka mmoja kati ya sampuli na tangazo ni muda ambao mpinzani, mtazamaji na mshtakiwa mwenyewe hawapaswi kusubiri. Fedha za umma zinaondoa mgongano wa maslahi. Haziondoi uzembe wa ratiba.

Pingamizi lenye uzito ni la kisheria. Marekani haina kamisheni moja ya taifa. Sheria ya usalama wa ngumi ya 1996 na ile iliyobeba jina la Muhammad Ali ya 2000 zimeacha usimamizi kwa majimbo. Jimbo likikata asilimia na jirani yake asikate, promota mdogo atavuka mpaka. Sawa. Lakini sheria hiyo ya 1996 inataka bondia aliyefungiwa katika jimbo moja kwa kufeli kipimo cha dawa asipigane katika jingine. Adhabu inavuka mpaka. Kipimo ndicho kimeachwa nyuma, na Bunge likitaka linaweza kukiongeza kwenye mlango huohuo.

Wakati wa kusubiri Bunge, mikanda inatosha kuanzia. IBF, WBA, WBO na WBC wakikubaliana sharti moja tu, kwamba hakuna pambano la ubingwa, la mchujo wala la kuwania nafasi ya kuorodheshwa litakalotambuliwa kama mabondia wote wawili hawajawa kwenye orodha ya kupimwa kwa miezi sita iliyotangulia, promota atailipa ile asilimia kabla hajaulizwa, kwa sababu bila mkanda televisheni haipokei simu yake. Wa kushika mfuko wawe madaktari na mabondia waliostaafu wasio na hisa kwenye kampuni yoyote ya mapromota, na hesabu zake zichapishwe kila mwaka: wamepimwa wangapi, wa raundi ngapi, na isotopu zilichunguzwa kwenye sampuli ngapi.